Ngama Ikoje?

Siku niliyonunua boti ya mfereji huku Uingereza nilimpelekea ami yangu wa Nungwi, Unguja, picha kumi na saba. Picha ya jiko dogo la chuma lenye dohani. Picha ya mapazia ya maua. Picha ya mlango wa kabati uliochorwa mawaridi na kasri, kama walivyokuwa wakichora watu wa boti za zamani. Na picha yangu mwenyewe nimeshika kana, ule mpini wa usukani, kofia kichwani, tumbo nimelivuta ndani. Halafu nikapiga simu.

Ami ni fundi wa vyombo, kajenga na kukarabati mashua tangu mimi sijazaliwa. Akawa anazipitia picha moja moja huku namsikia anavyopumua. Alipomaliza aliuliza neno moja tu.

"Ngama ikoje?"

Nikamwambia sijaiona, sakafu imepigiliwa na juu yake pana zulia.

"Basi mwanangu, hujanunua chombo. Umenunua mapazia."

Nilicheka. Mtu aliyekwisha toa pauni 11,000 hana la kufanya ila kucheka.

Kwa msomaji wa bara, ngama ni tumbo la chini la chombo, kule chini ya sakafu ambako kila tone la maji lililoingia, liwe limepitia wapi, huishia. Ndiko unakotoka ule msemo wetu, tezi na omo marejeo ni ngamani. Nimekua nao. Niliutumia kwenye insha za skuli kumaanisha kwamba mtu hata aende wapi atarudi kwao, na mwalimu akanipigia vema. Haikunipitikia kuwa kabla ya kuwa msemo yalikuwa maelezo ya fundi kwa mwanagenzi wake: maji yakiingia tezi, yaani nyuma, au omo, yaani mbele, usiyatafute ulikoyaona yakiingia.

Mimi naendesha basi Northampton, mwaka wa kumi na nne sasa. Ni mji wa katikati ya nchi, bahari huioni wala huinusi. Lakini mfereji unafika hadi mjini. Ni tawi la mfereji mkuu wa Grand Union lililofunguliwa 1815, linateremka kutoka Gayton kwa loki 17, yaani vyumba vya kupandishia na kushushia boti, mpaka kwenye mto Nene. Nilikuwa nikimaliza zamu ya asubuhi natembea kando yake, na ile harufu ya dizeli, lami na kamba zilizolowa ndiyo iliyoniponza. Utotoni kazi yangu kwenye uwanja wa ami ilikuwa kusokota pamba ya kalafati, kuitia mafuta na kumpa fundi aipigilie kwenye nyufa za mbao. Vidole vilininuka mafuta ya papa mpaka darasani. Kazi ile niliikimbia, tena niliikimbia kwa furaha. Sasa nina miaka arubaini na saba, nimesimama kwenye baridi ya Uingereza, nanusa kamba za watu.

Mifereji hii ilichimbwa kwa sururu na koleo kabla ya reli. Ule wa Bridgewater, wa kupelekea makaa ya mawe Manchester, ulifunguliwa 1761, na James Brindley aliyeshiriki kuujenga, mtu aliyeanzia kwenye ufundi wa vinu, ndiye aliyekuja kuijengea mifereji ya katikati ya nchi loki za upana wa futi 7 hivi. Loki ni chumba cha mawe au matofali chenye milango mbele na nyuma. Unaingiza boti, unafunga, unaruhusu maji yaingie au yatoke, na boti inapanda au kushuka kama ndoo kisimani. Loki nyembamba humeza maji machache na gharama yake ni ndogo, lakini ukishaijenga umeamua umbo la kila boti itakayopita humo milele. Ndiyo maana boti hizi zina upana wa futi 6 na inchi 10 tu, na urefu unaweza kufika futi 70 na ushei. Ukiitazama kutoka juu ya daraja unaona penseli imelala kwenye maji.

Zilivutwa na farasi, baadaye zikapata mashine. Familia nzima ililala kwenye chumba cha futi 10 kule tezi, baba, mama na watoto, meza inakunjwa inakuwa mlango wa kabati, kitanda kinateremshwa usiku. Sehemu nyingine yote ilikuwa ya mzigo. Reli ziliwapunguzia kazi, malori yakawamalizia, na baridi ya 1962 kuingia 1963, barafu ilipozishika boti kwa wiki na wiki, ikafunga kitabu kwa wengi wao. Leo boti hizi ni nyumba za watu na starehe za wastaafu.

Yangu haikupata kubeba makaa. Ilijengwa 1978 kwa starehe, futi 45, bamba la chini la chuma la milimita 6. Sikumlipa mkaguzi aitazame nje ya maji kabla sijanunua, nilitaka kuokoa mia kadhaa. Nyumba njema si mlango, nalijua hilo, nalo pia nililiandika kwenye insha.

Niliinunua upande wa Milton Keynes, nikaileta kaskazini na shemeji yangu, ambaye maji anayajua kwa kuoga tu. Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni maili 4 kwa saa. Mama anayesukuma kigari cha mtoto ukingoni anakupita, anakusalimia, na ukimkuta kwenye daraja la mbele ameshampa mtoto maziwa. Pale Cosgrove mfereji unapita juu ya mto Great Ouse ndani ya karai refu la chuma la mwaka 1811. Unaelea juu ya maji yaliyo juu ya maji mengine, na shemeji alishika ukingo kwa mikono miwili mpaka tukavuka.

Baada ya loki saba za Stoke Bruerne unakutana na pango la Blisworth. Ni zaidi ya kilomita mbili na robo tatu chini ya kilima, limefunguliwa 1805, na ndani hamna njia ya farasi. Zamani farasi alipitishwa juu ya kilima, watu wakalala chali kwenye mbao, wakaisukuma boti kwa kuzikanyaga kuta kwa miguu hadi upande wa pili. Sisi tulikuwa na mashine na taa moja. Katikati ya giza lile, maji ya matundu ya hewa yakitudondokea kwenye kola, nikasikia chini ya nyayo zangu pampu imeanza kuunguruma.

"Hiyo nini, shemeji?"

"Kawaida hiyo," nikasema, kwa sauti ya mtu asiyejua.

Kumbe ni kawaida kweli. Shafti inayozungusha panga la kusukuma boti inapotokeza nje kule tezi huzibwa kwa kamba laini iliyoshindiliwa na kutiwa grisi, kalafati ile ile kwa jina jingine, na ina ruhusa ya kudondosha kidogo. Tulipotokea kwenye mwanga nilikizungusha kikopo cha grisi mara moja, tone likakatika, pampu ikanyamaza. Nikajiona nahodha. Maji yale yenye kelele hayakuwa na neno lolote. Yaliyokuwa yananila yalikuwa mbele, chini ya zulia, kimya.

Gudi tuliloliingia lilikuwa zizi refu la matofali. Unaingiza boti, unaziba mlango kwa mbao, unayafungulia maji yatoke, na boti inashuka taratibu mpaka inakaa juu ya magogo. Mkaguzi alikuwa mzee asiyependa maneno. Alianza na nyundo, akigonga na kusikiliza, jambo ambalo ami angelielewa bila mkalimani. Kisha akasugua rangi hapa na pale, akapaka jeli, akaweka kipimo. Kidude kile hupeleka sauti ndani ya chuma na kusubiri mwangwi urudi kutoka upande wa pili, kwa hiyo hakidanganywi na uzuri wa nje. Kila alipopima aliandika kwa chaki. Kutoka tezi: 5.7, 5.6, 5.7. Nikaanza kutabasamu. Tulipofika usawa wa bafu chaki ikaandika 4.2. Halafu 3.4. Halafu 3.1. Makampuni mengi ya bima hapa hayataki kusikia chini ya milimita 4.

Nilipapasa pale penye 3.1. Palikuwa laini kama sahani, hamna kishimo, hamna kutu.

Mzee akaweka chaki mfukoni, akaniuliza swali nililokwisha ulizwa kutoka Nungwi. "Umeshafungua sakafu?"

Niliifungua Jumamosi kwa mtaimbo. Zulia lilitoka kwa amani. Plaiwudi chini yake ilikuwa nyeusi na nyepesi kama biskuti iliyochovywa chai. Na chini ya plaiwudi, farumi. Kwetu farumi ni mawe au mchanga, kitu cha kukipa chombo uzito kisiyumbe. Hapa walikuwa wametandika vigae vya saruji vile vya kupangia njia ya bustani, vimelala bapa juu ya chuma kutoka omo mpaka tezi. Niliinua cha kwanza. Kilitoka na mlio wa kunyonya, na chini yake palikuwa na maji ya vidole viwili, rangi ya chai ya jana. Nikapitisha patasi juu ya chuma ikaondoka na tabaka, na tabaka, na tabaka, kama chapati iliyopikwa na mtu anayejua.

Aliyeniuzia hakuwa mwongo, nataka hilo lieleweke. Kule tezi kulikuwa na kidirisha cha kuchungulia ngama, na alikuwa akikifungua kila mwezi. Boti hizi hulala kidogo upande wa nyuma ili maji yakimbilie huko yaonekane. Lakini vigae vilivyolazwa bapa huyashika maji pale pale yalipo. Kidirishani pakavu, katikati bwawa. Mtu anaweza kukagua kwa uaminifu miaka ishirini na chombo kikaoza.

Nikampigia ami. Hakusema "si nilikwambia". Aliuliza, "Ni maji ya mvua au ya chini? Yaonje."

Ndivyo mafundi wa pwani wanavyofanya: ukikuta chumvi, chombo kinavuja, ukikuta matamu, mvua imeingia kwa juu. Nikamwambia, "Ami, huku mfereji wenyewe ni maji matamu. Yote yana ladha moja."

Akanyamaza muda. "Basi mnaishi kwa shida," akasema.

Ilibidi nitafute chumvi yangu mwenyewe. Mke wangu ndiye aliyeleta fikra ya rangi ya biriani. Tukaikoroga kwenye ndoo, tukaimimina bafuni, tukakaa kunywa chai. Robo saa baadaye kwenye ngama, pale penye 3.1, mstari wa rangi ya chungwa ulikuwa unatambaa pole pole. Bomba la bafu limeachana na sinia lake, haijulikani tangu lini. Hilo lilikuwa moja. La pili madirisha: ile kanda laini iliyokaa kati ya fremu na chuma imekufa, mvua inaingia nyuma ya ubao bila kuonekana na kuteremka. La tatu, ambalo sikulitarajia, ni sisi wenyewe. Mtu analala, anapumua, anapika, anaanika soksi. Mvuke unapita kwenye nyufa za mbao unakutana na chuma baridi cha Januari, unageuka matone, nayo yanashuka kwa njia ile ile. Kwetu mashua ina uwazi kila mahali, haina haja ya kufikiria pumzi ya mabaharia.

Sasa dawa ya chuma kilicholika. Kwenye mbao unang'oa ubao mbovu unatia mwingine. Kwenye chuma unaweza kukata na kutia kipya, ndiyo kazi bora, au unaweza kuchomelea bamba jipya juu ya la zamani, yaani unakivalisha chombo kanzu. Mafundi wanagombana juu ya hili kama wanavyogombana mashabiki wa Simba na Yanga. Moyo wangu ulikuwa na wakataji, mfuko wangu ulikuwa na wavalishaji. Tukavalisha, chini yote, milimita 6.

Ndipo hesabu ilipoanza kunisumbua usingizi. Mita moja ya mraba ya bamba la milimita 6 ina kilo 47. Chini ya boti yangu ni mita za mraba 25 hivi. Nimeiongezea boti zaidi ya tani moja, na boti iliyoongezwa tani inakaa chini zaidi majini, na kila tundu lililotobolewa ubavuni 1978 kwa kipimo cha siku zile sasa liko karibu na maji kuliko alivyokusudia mjenzi. Kwa hiyo lazima tani itoke, na pa kuitoa ni farumi. Kigae kimoja kilikuwa na kilo 18. Nilitoa sitini kwa mgongo wangu huu, kimoja kimoja, kupitia mlango wa futi mbili. Mtaa wetu sasa hamna nyumba isiyo na njia ya bustani. Vilivyobaki nilivirudisha juu ya vipande vya plastiki ngumu, pana upenyo wa kidole chini yake, maji yapite, hewa ipite. Na sakafu mpya haikupigiliwa. Imefungwa kwa skrubu, vipande vipande, na nimekata vidirisha vitatu, omo, katikati na tezi.

Nje tukapaka lami, mikono mitatu, kazi ya kurudiwa kila miaka miwili au mitatu. Nilimwonyesha ami kwa video. Yeye kazi hiyo amezoea kuifanya kwa shahamu na chokaa, baada ya kuchoma chini ya chombo kwa makuti makavu kuua wadudu wanaokula mbao. "Na wadudu wenu?" akauliza. Nikamwambia mdudu wetu ni umeme. Boti zikichomekwa umeme wa nchi kavu bandarini, waya wa ethi unaziunganisha zote, maji yanamalizia sakiti, na kundi zima linakuwa betri moja kubwa ambayo chuma cha mtu fulani ndani yake kinaliwa. Ndiyo maana tunachomelea vipande vya magnesiamu ubavuni viliwe badala ya boti, na kwenye waya tunafunga kifaa cha kukata ule mkondo mdogo. Ami alilitafakari hilo. Alisema mdudu anayeingia kwa jirani ndiye mbaya kuliko wote.

Mashine nilitarajia iwe janga la pili, ikawa ndiyo raha yangu. Ni Lister SR2, silinda mbili, inapozwa kwa hewa, haina rejeta wala bomba la maji la kupasuka kwa barafu. Ami alipousikia mlio wake kwenye simu alipiga ukelele: "Si mashine ya kusaga hiyo!" Kweli, jamaa za Lister zimesaga mahindi ya Afrika Mashariki miaka mingi. Nilibadilisha filta, nikasafisha nozeli, nikakaza mikanda. Basi.

Boti ikarudi majini. Ndani nilitumia vipupwe viwili, na sitakuchosha na kila ubao. Ila mambo mawili. Ukutani nyuma ya mbao walikuwa wameweka vibao vyeupe vyepesi, vile vinavyokuja na televisheni kwenye boksi, kuzuia baridi. Nyaya za umeme zimelala juu yake. Sikujua kuwa ile plastiki ya nyaya na ile nyeupe hazipatani: baada ya miaka, ulaini wa waya unahamia kwenye kibao, kibao kinayeyuka kama ubani, waya unabaki mgumu na unanata. Niliushika mmoja, ganda likavunjika mkononi. Nyaya zote nikazitoa, nikatia mpya ndani ya mabomba yake. Ukuta ukanyunyiziwa povu linaloganda juu ya chuma, ili mvuke usipate tena mahali pa kugeuka maji.

La pili ni aibu. Nilifunga rafu za jikoni kwa pima maji, kipovu katikati barabara, kila rafu. Nikarudi nyuma nikajisifu. Jumapili nikajaza tangi la maji, ambalo liko omo na linachukua lita 400. Boti ikainamisha pua kwa heshima, na vitunguu vyote vikaanza safari kuelekea mbele. Mzee wa boti ya jirani alikuwa mlangoni anatazama. Akaniambia boti haina mlalo wake yenyewe, ina mlalo wa siku ile. Pima kutoka kwenye sakafu yake, tumia skwea, na hiyo pima maji mpe mtu mwenye nyumba. Rafu nikazing'oa.

Lakini pua ile iliyoinama ilinitia wasiwasi mwingine, nao haukuwa wa vitunguu. Mitungi ya gesi inakaa omo, ndani ya sanduku la chuma lenye tundu chini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikaondoka, inashuka na kutafuta pa kulala, na ikiingia ndani ya boti italala ngamani ikisubiri cheche. Ile tundu ndiyo njia yake ya kutokea nje, kwa hiyo lazima iwe juu ya maji, tangi likiwa limejaa. Nikachuchumaa ukingoni na rula. Inchi moja na nusu. Nikahamisha vigae vingine tisa kutoka omo kwenda tezi, nikapima tena, ikawa karibu tatu, nikalala usingizi. Mtu wa cheti cha usalama, kile kinachodumu miaka minne, alipokuja, kitu cha kwanza alichokitazama ni tundu lile. Aliingiza kijiti, kikatoka na jani. Akanionyesha jani bila kusema kitu, kisha akaendelea na kazi.

Jiko la makaa nimelifunga kwenye kigae, na ukuta nyuma yake haushiki moto. King'ora cha kaboni monoksidi kiko hatua chache kutoka kitandani. Tangu Aprili 2019 ni lazima kwenye boti zenye vyumba vya kukaa watu, na hata isingekuwa lazima. Sisi tuliozoea kulala na jiko la mkaa chumbani kwenye baridi ya huku tunajua majina ya watu ambao hawakuamka. Kwenye boti uliyoiziba vizuri isiingie maji wala upepo, hewa mbaya nayo haina pa kutokea. Nimeacha matundu ya hewa wazi, na mke wangu akilalamika baridi namwongezea blanketi.

Mwezi wa Mei kazi zote zilikwisha, na mstari wa maji ulikuwa umekaa pale pale palipokuwa na alama ya zamani. Nilizunguka mara tatu kuhakikisha. Kisha tukaiteremsha nyumbani, loki 17. Mke wangu na hendeli ya kufungulia maji, mimi na kana, watoto wakikimbia ukingoni wakigombania nani asukume mlango. Kwenye kuteremka kuna hatari moja ya kweli: nyuma ya loki, chini ya maji, kuna kizingiti. Tezi yako ikiwa juu yake maji yanapotoka, tezi inabaki juu imening'inia na omo inazama. Wamechora mstari mweupe ukutani. Kila loki nilimuuliza mke wangu kama nimeuvuka, na kila loki alinijibu, mpaka ya kumi akaniambia, "Baba watoto, ukiuliza tena naacha maji yaende." Mahali fulani barabara kuu ya M1 ilipita juu yetu, malori yakinguruma, na sisi chini yake tuko kwenye kasi ya konokono na sufuria ya pilau motoni.

Tulifunga kamba mjini jioni. Watu walipolala nilivifungua vidirisha vyote vitatu, nikatandaza gazeti juu ya chuma kwenye kila kimoja, nikafunga. Asubuhi nililichomoa la katikati, lile la pale penye 3.1. Lilikuwa kavu, linapiga kelele mkononi. Nikalipiga picha kwa karibu mpaka herufi zikasomeka, nikampelekea ami. Safari hii picha moja tu.

Alijibu baada ya adhuhuri. "Mvua imenyesha huko?"

Nikamwambia bado, leo siku ya tano jua tupu.

"Ngoja inyeshe."